Menyu ya Mistari Saba

Vijana wangu, nianze na siku kompyuta yangu ilipomfukuza mzee wa watu.

Alikuwa Mzee Asheri Mahenge, mwinjilisti mstaafu kutoka Makete, aliyehamia Makambako kwa binti yake baada ya kufiwa na mkewe. Alikuja kwenye kituo chetu cha kompyuta amevaa koti zito na kofia ya sufu, akasalimia kila mtu mle ndani, mmoja baada ya mwingine, akaketi. Nikampa mausi, akaishika kama mtu anayeshika kifaranga. Akabofya kitufe cha chini pembeni, menyu ikafunguka, akaanza kuisoma kwa sauti kuanzia juu, taratibu, kama anasoma somo la Jumapili. Alipofika mstari wa mwisho akasogeza uso karibu na kioo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akainuka na kuchukua fimbo yake.

"Baba, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mwanangu, nimeambiwa nitoke."

"Na nani?"

"Na hii." Akakionyesha kioo kwa ncha ya fimbo. "Imeandika hapa: Toka. Hata tafadhali haina. Neno hilo mimi nyumbani kwangu namwambia mbwa."

Darasa zima liliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka nusu. Neno lile nililiandika kwa mkono wangu, nikaliona fupi na safi, na kwa miezi miwili kila aliyekaa pale alikuwa anafukuzwa bila mimi kujua. Vijana walivumilia tu kwa sababu wamezoea kufukuzwa. Siku ileile nikalibadilisha, nikaandika "Maliza kazi". Mzee Mahenge alipoliona wiki iliyofuata alitikisa kichwa na kusema, "Sasa imepata malezi."

Nawaambia haya kwa sababu wengi wenu mkisikia Mama Upendo alikuwa fundi wa kompyuta, mnadhani nilikuwa napuliza vumbi kwenye mashine. Nilipuliza, tena sana, maana upepo wa Makambako mnaujua wenyewe. Lakini kazi ninayojivunia hasa ni ile menyu. Mistari saba tu. Mtu anaweza kuisoma kabla chai haijapoa, na mimi ilinichukua karibu miaka minne kuiweka sawa. Katikati ya miaka hiyo ilinitia aibu ambayo hata leo nikiikumbuka napata joto la masikio.

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na kompyuta tisa kuukuu za msaada, na kwa kuwa hazikuwa na nguvu tuliziwekea mfumo wa bure, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha. Wanafunzi wetu walikuwa watu wazima: mafundi cherehani, makarani wa vijiji, wauza mbegu, mama wa kwaya anayetaka kuchapa nyimbo. Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Kilasi, mkazi wa Yakobi kule Njombe, ambaye ndiye aliyenifundisha kompyuta mimi mwenyewe nilipokuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini.

Mwalimu Kilasi alinifundisha enzi za kioo cheusi. Hapakuwa na picha wala mausi. Ulikuwa unaandika amri, herufi kwa herufi, na ukikosea nukta moja kompyuta inakutukana kwa Kiingereza. Alinikaririsha amri zile kama katekisimu. Nikisahau, alikuwa anagonga meza kwa kalamu na kusema, "Kompyuta haimbembelezi mtu, Mama Upendo. Mtu ndiye anayeifuata." Nilimheshimu, na bado namheshimu. Basi nilipopewa darasa nikafundisha vilevile nilivyofundishwa.

Na mfumo wenyewe ulisaidia kuwatesa watu. Ukifungua menyu iliyokuja nao, unakuta makundi: Ofisi, Michoro, Vifaa, Mfumo, na mengine. Ndani ya kila kundi kuna majina ya programu, na majina yale hayakuambii chochote, ni kama majina ya watoto wa jirani wa mbali. Programu za kuandika pekee zilikuwa nne! Nikawa nawafundisha watu: hii inaitwa hivi, ile inaitwa vile. Wiki ya kwanza darasa lilijaa. Wiki ya tatu walibaki sita. Nilimkuta fundi cherehani mmoja njiani, nikamuuliza mbona haji. Akaniambia bila hasira, "Mwalimu, mimi nilikuja kujifunza kuandika barua. Naona nakaririshwa majina ya wageni."

Jibu la neno lile nililipata mahali ambapo sikulitafuta. Mahindi yangu yalikuwa yameanza kutobolewa, nikaenda kwenye duka la pembejeo la Mama Tula, pale karibu na soko. Mama Tula ni Mbena wa Kidugala, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Nikamtajia jina la dawa niliyoisikia kwa jirani.

"Kamwene, dada," akanisalimu kwanza, maana sikuwa nimesalimia. Nikaitikia kwa haya. "Sasa, usinitajie jina la dawa. Niambie unataka kufanya nini."

"Nataka mahindi yangu ya stoo yasiliwe na wadudu."

"Haya, njoo upande huu."

Nikamfuata, na hapo ndipo nilipoziona rafu zake vizuri kwa mara ya kwanza. Kila rafu ilikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: Kupanda. Kupalilia. Kuua wadudu shambani. Kuhifadhi mahindi. Kuku wanaumwa. Hapakuwa na jina la kampuni hata moja. Nikaona kopo lilelile liko rafu mbili.

"Mama Tula, mbona hili liko huku na kule pia?"

"Kwa sababu linafanya kazi mbili, na watu wanakuja na shida moja moja," akasema. "Mwenye shida ya kule nimzungushe huku kwa nini?"

Nilisahau hata chenji. Nilirudi kituoni nikiwa nimebeba dawa ya mahindi mkononi na menyu nzima kichwani.

Kuitengeneza hakukuwa kugumu kama mnavyodhani. Kila mstari kwenye menyu ulikuwa faili dogo tu la maandishi: jina litakaloonekana, picha ya kando, na amri ya kuifungua programu. Basi. Unaweza kulihariri kwa programu ya kawaida kabisa ya kuandika. Ugumu ulikuwa kuchagua nini kibaki. Katika programu nne za kuandika nilibakiza moja, nikaipa mstari unaosema "Andika". Ikafuata "Piga hesabu", "Tazama picha", "Ingia mtandaoni". Zile nyingine zote sikuzifuta, nilizificha kwenye kitufe kidogo pembeni kilichoandikwa "Programu zote", kwa ajili ya wajuzi, maana wajuzi wakikosa pa kuchokonoa wanakuwa wakorofi.

Mwalimu Kilasi alipokuja kukagua, alikaa mbele ya ile mashine akabofya mistari yote, mmoja baada ya mwingine.

"Unawadekeza," akasema mwishoni. "Wakienda ofisi nyingine wakakuta menyu ya kawaida watalia."

"Mwalimu, kwa sasa hawafiki hata ofisi nyingine. Wanaishia mlangoni kwetu."

Akagonga meza kwa kalamu. "Mashine moja," akasema. "Ile ya pale mwisho inayokoroma. Nyingine usiziguse mpaka nione."

Nikashukuru. Na nyie nawashauri, mkipewa mashine mbovu kuliko zote kwa majaribio, msinung'unike. Kitu kikienda vizuri kwenye mashine inayokoroma, kitaenda popote. Baada ya mwezi mmoja watu walikuwa wanapanga foleni kwenye ile mashine ya mwisho na kuziacha nyingine zinapigwa na jua la dirishani. Mwalimu Kilasi akaniruhusu nibadilishe zote tisa, lakini alisema ameruhusu, hakusema amekubali.

Makosa ya maneno yalikuwa mengi na mengine matamu. Mstari wa kutoa maandishi kwenye karatasi niliuandika "Chapa". Karani mmoja wa kutoka Mlangali akaniuliza, "Nimchape nani, mwalimu?" na kwa wiki nzima darasa likawa linachapana. Nikaandika "Toa kwenye karatasi". Ni mrefu, ndiyo, lakini hakuna aliyeuliza tena. Picha ya dunia niliyoiweka kando ya mtandao, watu watatu waliniambia ni boga. Nikaiacha, nikawa nawaambia, "Bofya boga." Kosa lingine halikuwa langu, lilikuwa la mfumo: kulikuwa na ujanja wa kupandisha juu yenyewe mistari unayoitumia zaidi. Siku ya kwanza watu walidhani ni msaada. Siku ya pili mama wa kwaya alibofya mahali pa "Andika" akaingia kwenye hesabu, akanilalamikia kama mtu aliyehamishiwa chumvi jikoni kwake na mke mwenza. Nikauzima ujanja ule. Mstari ukiwa wa tatu leo, uwe wa tatu hata wajukuu wakija.

Sasa nifike kwenye aibu.

Zile kompyuta zilikuwa na diski ndogo, zinajaa upesi. Watu walikuwa wanashusha picha na nyimbo mpaka mashine inakwama. Nikatengeneza mahali maalumu pa kuwekea vitu visivyo vya kudumu, yaani vitu vya muda, nikapaita "Muda". Kisha nikatengeneza mstari wa sita wa menyu, "Safisha kompyuta", wenye picha ya ufagio. Ukiubofya, unafuta kila kilichomo kwenye "Muda" na kumwaga kapu la taka, mara moja, bila kuuliza. Niliuweka kwa ajili yangu mwenyewe, ili nisihangaike kuzisafisha mashine tisa kila mwisho wa mwezi. Wakati huo nilijiona nina akili kweli.

Mzee Mahenge wakati huo alikuwa mwanafunzi wetu hodari. Alikuja kila Jumatatu na Alhamisi, anakaa kwenye mashine ileile ya tatu, anaandika. Alikuwa anaandika majina ya mimea ya kwao Makete kwa Kikinga, na kazi ya kila mmoja, kama mama yake alivyomfundisha walipokuwa wakichunga. Hakuwa na daftari. Yote yalikuwa kichwani, na macho yake yalikuwa yanafifia; alikuwa anakuza herufi mpaka neno moja linajaza nusu ya kioo. "Nataka nimalize kabla hayajafunga," alisema, kama mtu anayezungumzia dirisha la benki. Alikuwa amefikisha kurasa thelathini na nane.

Na Mama Tula naye alikuwa amejiunga. Dukani alimwachia dada yake kila alasiri, anakuja na kanga yake safi, anakaa mashine ya saba. Alikuwa mwanafunzi ambaye kila mwalimu angemtaka: anauliza, anaandika, na haondoki mpaka amerudisha kiti mahali pake.

Jumatatu moja yenye manyunyu Mzee Mahenge aliniita.

"Mwanangu, kazi yangu siioni."

Nikaenda nikitabasamu, maana kwa kawaida mtu akisema hivyo ameangalia mahali pengine tu. "Uliiweka wapi, baba?"

"Pale pale siku zote. Kwenye Muda."

Tabasamu likanikauka. "Kwa nini kwenye Muda, baba?"

"Uliweka sehemu tatu: Barua, Picha, na Muda. Yangu si barua wala si picha. Na ni kazi inayohitaji muda. Basi nikajua umeniwekea mimi."

Nikafungua. Patupu. Nikafungua kapu la taka. Patupu. Nikauliza nani alitumia mashine hii tangu Alhamisi.

"Mimi nilikaa hapo Ijumaa," akasema Mama Tula kwa furaha. "Ile yangu iligoma kuwaka. Lakini sikuiacha chafu, nilisafisha kabla ya kuondoka kama ninavyosafisha yangu kila siku. Hawa wengine wanaondoka tu bila..."

Akanitazama usoni, akaishia hapo. Akamtazama Mzee. Akautazama ule ufagio kwenye kioo chake.

"Ina maana nimeifuta mimi?"

Nitawaambia ukweli, wanangu. Ulimi wangu ulikuwa tayari na sentensi: "Mama Tula, ulipaswa kuuliza kwanza." Ilikuwa sentensi nzuri, yenye adabu, na hakuna mtu mle ndani ambaye angenilaumu. Mashine ilifanya ilivyoambiwa, mwanafunzi alibofya, basi. Mafundi wengi wanazeeka na sentensi hiyo.

Lakini mwanamke yule alikuwa ameshika midomo kwa kanga, na mimi najua alivyolelewa kwa sababu nililelewa hivyohivyo. Mtoto wa kike wa kwetu akiona ufagio na neno safisha, atasafisha. Ndiyo malezi.

"Hapana," nikasema. "Nimeifuta mimi. Mimi ndiye niliyeandika safisha mahali ambapo maana yake ni futa. Na mimi ndiye niliyeandika Muda, Mzee akaelewa vizuri kuliko nilivyoandika."

Mzee Mahenge akavua miwani. Kisha akamgeukia Mama Tula. "Wewe mama, ulifanya nini?"

"Nilisafisha, baba," akajibu kwa kilio.

"Basi ulifanya kilichoandikwa." Akanigeukia mimi. "Na wewe uliandika."

"Ndiyo, baba."

"Haya," akasema, akavuta pumzi ndefu. "Basi tutafute."

Nikampigia simu Mwalimu Kilasi. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza, "Mashine umeizima?"

"Bado, nilikuwa nataka kwanza ni..."

"Chomoa waya! Usiizime kwa heshima, chomoa ukutani!"

Nikachomoa. Hili lishikeni, linaokoa watu. Kitu kikifutwa kwenye diski hakiondoki palepale. Ni kama shamba ambalo jina la mwenyewe limefutwa kwenye daftari la kijiji: mahindi bado yamesimama, mpaka aje mwingine alime juu yake. Hata kuizima mashine kwa utaratibu kunaandika vitu juu ya diski. Tatizo letu lilikuwa kwamba Jumamosi yote watu walikuwa wamelima.

Nikaitoa ile diski, nikaifunga kwenye kitenge, nikapanda gari la Njombe nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga. Njombe ilikuwa imefunikwa na ukungu, Mwalimu Kilasi akanipokea mlangoni kwake Yakobi amejifunga blanketi mabegani.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia, mwalimu."

Akanikaribisha, mkewe akaleta chai na viazi, nikawasimulia yote niliyosema darasani, na Mwalimu akaunganisha diski kwenye mashine yake. Alikaa nayo siku mbili, akichambua vipande kama mtu anayechambua mchele. Siku ya pili, akiwa bado ameinamia kioo, akaanza kuzungumza bila mimi kumuuliza.

"Nilipokuwa kijana niliwahi kufuta barua zote za ofisi. Zote. Niliweka nafasi moja mahali pasipotakiwa nafasi katika amri. Amri zile nilikuwa nazikumbuka zote kichwani, Mama Upendo. Zote."

"Ulisema nini kwa mkubwa wako?"

"Nilisema mashine ilipata hitilafu." Akaendelea kuchambua. "Hukufanya nilivyofanya mimi. Hiyo menyu yako tutaitengeneza vizuri."

Tukapata kurasa kumi na moja, tena zilizochanganyika, nyingine zimeanzia katikati ya sentensi. Mzee Mahenge nilipomsomea, alifumba macho. Ukurasa wa nne ulipoisha alisema, "Kitabu changu kimeanza kuwa msitu, si bustani." Lakini alikuwa anatabasamu.

Mama Tula hakuonekana kituoni. Siku ya tatu baada ya kurudi kutoka Njombe nikamfuata dukani. Alikuwa anapanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

"Mimi ni mtu wa dawa za mahindi," akasema bila kunitazama. "Kompyuta mwachieni wenyewe."

"Nikuulize swali moja la dukani, halafu niondoke. Ukiweka sumu ya panya kwenye rafu ya Kuku wanaumwa, mteja akaichukua, kuku wake wakafa, kosa ni la nani?"

Akashika kopo moja, akatazama maandishi ya rafu. "Langu," akasema.

"Basi."

Akaliweka kopo. "Kesho nitakuja. Lakini nikiukuta ule ufagio bado upo, narudi dukani kwangu na sitokanyaga tena."

Hakuukuta. Mwalimu Kilasi alishuka Makambako mwenyewe, tukautoa pamoja. Mwanzoni nilitaka kuubadilisha jina tu, niandike "Futa vya zamani", lakini akaniuliza swali rahisi: "Nani amewahi kuja kituoni akasema, mwalimu, leo nataka kufuta vya zamani?" Hakuna. Kazi ile ilikuwa yangu, si yao, na kazi ya fundi haina haki ya kukaa kwenye menyu ya watu. "Muda" nao tukauita "Kazi zangu", na tukaweka utaratibu wa mashine kunakili kila kitu kila siku kwenye diski ya pembeni. Nafasi ya sita ilibaki wazi kwa muda, mpaka watu wenyewe walipotuomba "Sikiliza nyimbo". Kwa watu wa kwaya, ni kazi hiyo.

Na kile kitabu? Mama Tula alijiteua. Alikaa mbele ya mashine ya tatu, Mzee Mahenge pembeni yake amefumba macho, mmoja anasema na mwingine anaandika. Siku ya kwanza aliandika kwa vidole viwili. Baada ya miezi mitatu hakuwa anatazama tena vitufe, na Mzee alipositasita alikuwa anamhimiza, "Endelea baba, vidole vinapoa!" Tena hakuandika kimya. Mzee akitaja jani, yeye anadakia, "Hilo sisi Wabena tuna jina lake." Wanabishana. Mzee anasema ni la tumbo, Mama Tula anasema kwao Kidugala ni la kifua, na darasa zima linaacha kazi kusikiliza. Mwishowe wakakubaliana kuweka majina yote mawili, Kikinga upande mmoja na Kibena upande wa pili. Kurasa zikafika tisini na mbili. Binti yake Mzee akampeleka kutibiwa macho, moja likapona vizuri. Nakala ya kwanza ilipotoka alienda nayo nyumbani, akaisoma yote kwa jicho lile moja, akarudi Alhamisi na karatasi yenye makosa kumi na saba ya uandishi.

"Hili la kumi na mbili ni lako, Mama Tula," akasema.

"La kumi na mbili ulitamka vibaya, baba," akajibiwa.

Mimi nilistaafu miaka michache baadaye. Zile mashine tisa zimekwenda zilikokwenda. Kituo kina mpya sasa, na fundi mpya, binti anaitwa Faraja Tweve, mwenye sauti ndogo na macho yanayoona kila kitu. Nilipoombwa kuandika maneno haya niliamua nikayaandikie kulekule. Nilipofika nikaona katika mistari yangu saba amebakiza minne. Hesabu watu wanapiga kwenye simu, aliniambia kwa upole, picha na nyimbo vilevile. Badala yake kuna "Jaza fomu mtandaoni" na "Omba kazi". Moyo ulinichoma kidogo, siwafichi. Lakini nilimwona kijana mmoja akiingia, akabofya "Omba kazi" bila kumuuliza mtu, nikavuta kiti nikaanza kuandika.

Siku ya kwanza niliandika mpaka habari ya duka la Mama Tula, nikahifadhi, nikaenda zangu. Siku ya pili nikaketi, nikafungua menyu, nikakwama. Nikabofya "Andika", ikanipa karatasi nyeupe. Nikaifunga. Nikaenda huku, nikarudi kule. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo! Nilikuwa najua kabisa jinsi ya kulipata faili lile kwa njia ndefu, lakini kiburi kilinikataza, nikawa napepesa macho juu ya ile menyu kama mgeni stendi. Nilipogeuka, Faraja alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari dogo.

"Mama, samahani. Unatafuta nini?"

"Sitafuti programu," nikasema, na hasira yote ikanitoka nikaanza kucheka. "Nataka tu kuendelea na kazi yangu ya jana."

Hakucheka. Aliandika kwenye daftari lile, neno kwa neno, akanisomea ili ahakikishe. Nikawaza: miaka ile yote, watu wote wale waliokuja kuendelea na kitu walichokianza jana, Mzee na majani yake, mama wa kwaya na nyimbo zake, na mimi kila asubuhi nilikuwa nawapa mstari wa kuanza tu. Hakuna aliyewahi kunilalamikia. Walizoea kuzunguka.

Leo nimerudi kumalizia. Kwenye menyu, juu kabisa, kuna mstari mpya: "Endelea na kazi ya jana". Nimeubofya, na maneno haya yote yakafunguka mbele yangu, palepale nilipoishia.